Mzinga Uliooshwa kwa Maji ya Moto

Ndugu zangu, Kitabu nitakifungua, msiwe na wasiwasi, lakini kabla sijakifungua twendeni kwanza wote, na nyie akina baba mliojibanza kule nyuma, twendeni mpaka shambani kwa mwanamke mmoja, tusimame kidogo, tuone, turudi.

Mwanamke huyu aliolewa kwenye nchi ya alizeti, kule ambako mashamba yakichanua ukisimama mlangoni unaona njano mpaka macho yanauma. Alikuwa na ekari mbili. Pembeni ya shamba, kwenye kibanda cha nyasi, alikuwa na mizinga minne ya mbao, ile ya kisasa, maana alikwenda semina siku tatu akarudi na cheti. Na hiyo mizinga haikuwa ya asali peke yake. Wakulima mnajua alizeti ikikosa nyuki inavyokuwa: kichwa kikubwa kama sinia, ukikibonyeza ni mapepe matupu. Kwa hiyo nyuki wale ndio waliokuwa chakula chake, na mafuta yake, na mbegu yake ya mwaka unaofuata.

Basi siku moja, alizeti bado haijachanua, akafungua mzinga wa kwanza akakutana na harufu kama samaki aliyelala. Majana, yaani watoto wa nyuki wakiwa bado kwenye vijumba vyao vya nta, yalikuwa yameoza. Alichokoa moja na njiti, likavutika kama bamia. Wiki ya pili mzinga wa pili, wiki ya tatu mzinga wa tatu, na wa nne ukabaki peke yake unavuma, na yeye kila akipita anauwekea sikio kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

Hofu ikamwingia. Sasa hofu ikiingia kwa mtu huwa inataka iambiwe ni nani aliyefanya, na mwanamke huyu hakuwa na haja ya kwenda mbali, maana ng'ambo ya ua wa minyaa alikaa wifi yake, dada mkubwa wa mume wake, mjane, mama wa kelele nyingi. Wifi alikuwa na mizinga ya magogo aliyoachiwa na baba yake, imetundikwa mitini, haijaoshwa tangu ichongwe. Asali anavuna na mikono mitupu, ugoro puani, akimaliza anajifutia kwenye khanga, halafu anapita kwenye ua hivyo hivyo kwenda kuchungulia mizinga ya masanduku ya mke wa kaka yake.

Akamwita. Akamwambia, "Wifi, kuanzia leo usikanyage kwenye mizinga yangu."

"Mizinga yako au ya kaka yangu?"

"Yangu. Nyuki wangu wanakufa na wewe unaingia humo na mikono hiyo."

"Mikono hii ndiyo iliyomwogesha mume wako akiwa mdogo. Mbona yeye hakuoza?"

"Wifi, mimi sitanii."

"Haya, sikanyagi! Hata uje uniite kwa tarumbeta sikanyagi. Kaa na nyuki wako wenye cheti."

Ndivyo walivyoachana. Na yule mwanamke akakata miiba akaziba pale kwenye ua walipokuwa wanapitia.

Sasa niwaulize, mlango umefungwa, adui yuko nje, je, hofu imeisha? Haikuisha. Alipokosa mtu wa kumtazama akaanza kuwatazama nyuki wenyewe. Akachukua kigoda akakaa mbele ya ule mzinga mmoja kutwa nzima. Akaona nyuki mzee anatoka kisimani, kwenye lile tope ambalo ng'ombe wamekojolea, anaingia mzingani na miguu ile ile, nyuki mdogo anamfuata, anafungua mdomo, wanalishana kinywa kwa kinywa. Akasema, kumbe uchafu unaingilia hapa!

Njia aliiona sawasawa, wapendwa, hilo msimnyime. Alichokuwa hakijui ni kile kilichokuwa kinapita kwenye hiyo njia.

Akafanya kazi, na alifanya kwa bidii. Akatengenezewa mzinga mpya, akauosha kwa maji ya moto mara tatu, akauanika juani mpaka mbao zikanukia. Akachagua kwenye ule mzinga uliobaki masega yenye majana yaliyoiva, yale yaliyofunikwa tayari, ya kutoka siku mbili tatu zijazo, akayapangusa kwa unyoya wa bata asibaki nyuki mkubwa hata mmoja, akayaweka kwenye mzinga mpya, malkia akamshika kwa vidole akamhamishia humo, akafunika na shuka la pamba wasipate baridi. Akachemsha maji ya sukari. Akakung'uta mbelewele za mahindi kwenye sinia apate chavua, ule unga wa maua ambao ndio ugali wa nyuki. Halafu, si mnajua tunavyofanya kwa kuku? Kuku akisinzia tu asubuhi hatuulizi anaumwa nini, tunafungua vidonge vya rangi mbili, tunamwaga unga kwenye maji, kunyweni! Naye akafungua rangi mbili akamwaga kwenye maji ya sukari.

Wale nyuki wakubwa waliobaki kwenye mzinga wa zamani, hakuna aliyekuwa anaumwa, lakini angejuaje? Akaziba tundu, akaubeba mzinga mpaka nje ya kibanda, akasogeza nyasi kavu, akawasha kiberiti. Alilia, msidhani hakulia. Lakini aliwasha, ili asibaki hata mmoja wa kuwaambukiza watoto.

Baada ya siku tatu watoto wakaanza kutoka. Jamani, walikuwa wazuri! Nyuki mchanga ana rangi ya majivu, ana vinywele laini kama kifaranga, na hawa hawakunuka kitu, sanduku halikunuka kitu. Wakala chavua, wakanywa maji ya sukari, na yule mwanamke akawa anasimama mlangoni na kikombe chake cha chai anaangalia ng'ambo ya ua na kusema moyoni, ungeona wewe.

Siku ya nane akawakuta chini. Wengine wamekufa, wengine wanatambaa kwenye vumbi mbele ya mzinga, matumbo yamevimba, wanajaribu mabawa na mabawa hayawainui. Akaongeza rangi mbili. Siku ya tisa wakawa wengi zaidi. Na shamba lote la alizeti limeshafungua macho, njano imeanza kutokeza, na hakuna nyuki hata mmoja anayekwenda.

Akampigia simu bwana nyuki wa kata, akaja na pikipiki yake, akachuchumaa mbele ya mzinga, akaokota nyuki mmoja akamgeuza geuza.

"Mama, hawa umewalisha nini?"

"Maji ya sukari, nimechemsha mwenyewe. Na chavua."

"Na nini tena?"

"Na rangi mbili."

"Nani alikuandikia?"

"Ni zile za kuku."

Bwana nyuki hakugomba. Alishika mwisho wa tumbo la yule nyuki kwa kucha mbili, pale kwenye mwiba, akavuta taratibu, na utumbo wote ukatoka kama uzi, akaulaza kwenye karatasi nyeupe. Ulikuwa umejaa njano mpaka umetanuka.

"Unaona hii? Ni chavua yako. Imeingia nzima na imekaa nzima. Nyuki hawa wamekufa njaa."

"Njaa! Bwana nyuki, mbona chakula kimejaa tumboni?"

"Kimejaa, ndiyo. Hakuna wa kukimeng'enya." Akaweka karatasi chini. "Sikiliza, mama. Nyuki akitoka kwenye kijumba chake, tumbo lake halina kitu. Siku zile za mwanzo ndipo wakubwa wanapompa bakteria, vijidudu ambavyo wewe na mimi hatuvioni, anavipata kwa kugusana nao, kwa kulishana nao, kwa kutembea kwenye masega waliyoyakanyaga. Hivyo ndivyo vinavyovunja chavua ikawa nguvu. Tena vinajipanga kwenye ukuta wa utumbo, ugonjwa ukija unakuta nafasi zimeshakaliwa. Wewe umewatenga na wenye navyo. Na kama wapo waliobahatika kuokota kidogo kwenye masega, umewamalizia kwa dawa ya kuku, maana hiyo inaua vijidudu vyote, vizuri na vibaya."

"Nilikuwa nawalinda."

"Najua. Haya, wako wapi wale wakubwa? Nipe hata sufuria moja tuwachanganye, tunaweza kuwawahi."

Pale pale, hatua kumi kutoka waliposimama, kulikuwa na duara jeusi la majivu.

"Nimewachoma," akasema.

Bwana nyuki akaangalia majivu, akaangalia pikipiki yake. Halafu akasema, "Jirani yako ana mizinga ya magogo. Wiki iliyopita niliikagua, yote mitano. Ni michafu, sikatai. Lakini sikuona jana hata moja lililooza."

"Hata moja?"

"Hata moja. Wewe wakati wa kiangazi nyuki wako uliwapa nini, maua yalipokwisha?"

"Asali. Nilinunua mnadani, nusu ndoo."

"Asali ya nani?"

Hakujua ni ya nani. Bwana nyuki akasema ugonjwa ule husafiri kwenye asali ya mizinga iliyooza, akasema pia waliobaki wana siku tatu, labda nne, akavaa kofia yake akaondoka.

Sasa mwangalieni huyu mwanamke. Ugonjwa aliubeba mwenyewe kwenye ndoo. Wakubwa amewachoma mwenyewe. Na dawa iliyobaki duniani iko ng'ambo ya miiba aliyoikata mwenyewe, kwa mtu aliyemwambia usikanyage. Mngekuwa nyie mngekwenda? Wengine hapa tungeacha nyuki wafe, tukanunua mafuta dukani, ili mradi wifi asije akacheka.

Alikwenda. Akazunguka kwa njia ya barabarani maana ua ameuziba, akamkuta wifi ameketi uani anapepeta ufuta.

"Hodi humu."

"Hodi ya nani? Mbona nasikia harufu ya sabuni?"

"Ni mimi, wifi."

"Ala, daktari! Pita, pita. Ila angalia unapokanyaga, huku kwetu kuchafu."

"Wifi, nyuki wangu wanakufa."

"Nani kawagusa? Maana mimi sijakanyaga, Mungu shahidi, wala kuku wangu sijamtuma."

"Hujakanyaga. Ndiyo maana wanakufa."

Ungo ukasimama. "Hebu sema tena."

"Naomba nyuki wako. Wachache tu, na kipande cha sega la zamani."

"Niwaoshe kwanza?"

"Usiwaoshe."

"Wanatoka kisimani hao, kwenye mikojo ya ng'ombe."

"Hao hao, wifi."

"Na nitawashika na mikono hii?"

"Na mikono hiyo hiyo."

Wifi akacheka. Akacheka mpaka ufuta ukamwagika, akapiga goti lake kofi, akamwita Mungu, akamwita marehemu mume wake aje asikie. Na yule mwanamke akasimama pale pale, hakuondoka, akangoja. Wifi alipomaliza kucheka akajifuta macho na pindo la khanga, akamtazama sana, akasema kwa sauti nyingine, "Mwenzangu, siku ile ulinisema kama mimi ni kinyesi. Watoto wangu walikuwa wanasikia."

"Nilikosa, wifi. Niliogopa."

"Uliogopa. Haya. Ile miiba katoe mwenyewe, mimi sikuiweka. Nikikuta njia iko wazi nitakuja."

Akaenda akaitoa kwa mikono, hata panga hakukumbuka kuchukua. Na jua likiwa bado juu wifi akapita pale kwenye ua na sufuria kubwa imefunikwa khanga, inavuma kama jiko la mafuta. Wakawamwagia maji ya sukari yasiyo na kitu ndani ili wasigombane, wakawamimina. Nyuki wakubwa wakashuka kwenye yale masega masafi na miguu yao ya tope, wakapita katikati ya wale watoto, na watoto waliokuwa bado na nguvu ya kusimama wakawafuata, wakafungua midomo. Wanawake wawili wameinama, vichwa vinagusana, na wifi akasema, "Tazama wanavyoomba."

Sitawadanganya. Wengi walikufa, nusu ya mzinga ilifagiliwa na ufagio. Nusu ilibaki. Na kwenye wiki ya pili, alizeti ikiwa imefunguka yote, wakatoka, wakaenda, wakarudi na njano miguuni.

Hayo ya shambani yameishia hapo. Sasa turudi hapa ndani, na mliokuwa mnacheka mcheke mmalize, maana kabla ya Kitabu nataka tujiulize sisi.

Nani kati yetu hana chakula? Neno la asubuhi linaingia kwenye simu kabla hatujapiga mswaki, redioni wahubiri watatu kabla uji haujachemka, daftari zetu zimejaa, mistari tumeipigia kalamu nyekundu na ya bluu, na kwaya tunazo za kila aina. Basi tuvutwe utumbo, tulazwe kwenye karatasi nyeupe, tuone. Si litakutwa Neno limejaa, zima, limekaa vile vile lilivyoingia? Halijawa subira. Halijawa mkono wa kutoa. Jirani akifiwa tunajua mstari wa kumtumia na hatujui namna ya kukaa naye kwenye mkeka.

Tumejaa, na tuna njaa. Kwa nini?

Kwa sababu kile kinacholivunja Neno ndani ya mtu hakiji kwenye simu. Mtu hupewa na mtu. Wewe kusamehe hukukusoma, ulimwona mama fulani amekosewa mbele ya watu akanyamaza, kesho yake akapeleka maji kwenye nyumba ya aliyemkosea. Kuomba ulijifunza kwa mzee anayekosea kosea maneno, ulikuwa umekaa karibu naye mpaka ukasikia anavyohema. Na hao waliotupa si watu waliooshwa kwa maji ya moto. Wengine wana midomo. Wengine wananuka ugoro. Walituletea kwa miguu ile ile waliyokanyagia tope.

Na sisi tulio na watoto wadogo, sisi ndio wepesi wa kuchemsha maji. Mtoto akiumwa mpeleke zahanati, dawa aliyoandikiwa mpe mpaka iishe, mikono inawe, hayo ni wajibu wetu na sina neno juu yake. Nasema ile hofu nyingine, mnaijua, ile inayotufanya tumkumbatie mtoto mpaka tumzibe, usiende kwa shangazi, usikae na bibi anaongea hovyo, usikae benchi la wazee, njoo hapa kwa mama, kaa hapa, tulia hapa. Tunamlea anapendeza, ananukia. Halafu siku ya shida, na siku hiyo ipo, sisi wenyewe labda hatupo, mtoto anafungua mdomo na hakuna mkubwa karibu wa kumpa kitu.

Tunaomba kila siku, Mungu tulinde. Mungu anasikia, analeta mtu mpaka kwenye ua wetu. Tunamwona, tunamkataa, tunaziba, tunarudi ndani kupiga magoti na kuomba tena, Mungu mbona hujibu?

Yupo mtu ambaye wewe umemwambia asikanyage kwako. Jina lake limeshakujia, usiangalie chini. Nenda kwake leo. Na ukifika mlangoni usimwambie umekuja kumsamehe. Mwenye njaa ni wewe. Sema, naomba.